Kabla hujachagua lenzi ya mtoto wa jicho, chukua futi

Ilianza na gauni la sendofu. Mteja wangu wa siku nyingi, dada mmoja wa Tabata, kaniletea kitambaa cheusi cha kung'aa, nikamshonea, kapokea, kashukuru, kesho yake asubuhi huyo mlangoni na gauni mkononi. "Mama, hebu njoo nalo juani." Nikatoka nalo barazani, sioni kitu. Akanishikia pindo, akasema angalia uzi. Jamani, uzi wa bluu! Gauni jeusi nimelishona lote kwa uzi wa bluu ya giza, kiunoni mpaka chini, na mi pale pale juani, nimeshaambiwa kabisa, bado naona nyeusi juu ya nyeusi. Miaka 31 nashona, nimeanzia kwenye baraza za watu Kariakoo mpaka leo nina fremu yangu Sinza, sijawahi kurudishiwa nguo kwa sababu ya rangi ya uzi.

Nikamrudishia hela yake, gauni likabaki linaning'inia kwangu, ndo nikaenda kupima macho. Kabla ya hapo nilikuwa nalaumu taa, nalaumu umeme, nalaumu viwanda vya nyuzi vya siku hizi.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Daktari akanieleza kwamba ile lenzi ya kuzaliwa nayo ndani ya jicho ikizeeka inaingia ukungu na inageuka njano, saa ingine mpaka kahawia kama chai ya rangi, na hiyo njano inameza bluu, kwa iyo mimi sikuwa mzembe, nilikuwa naangalia dunia kupitia chai. Na hakuna matone yanayoyeyusha kitu hicho, wala asali, wala majani. Nasema hivyo na mimi mwenyewe nilishatia asali ya jirani, ikaniwasha siku mbili, basi. Dawa yake ni kuitoa hiyo lenzi na kuweka ya plastiki.

Sasa mi nikadhani upasuaji ni upasuaji, wanatoa kilichoharibika wanaweka kipya, kama kubadilisha zipu. Kumbe zipu zenyewe ziko aina aina, na wa kuchagua ni wewe, na ukishawekewa umewekewa. Kuitoa tena inawezekana lakini ni upasuaji mwingine wenye hatari zake, hakuna daktari anayeukimbilia.

Kliniki ya kwanza niliyoenda siitaji jina. Hapo kabla sijamuona hata daktari, kijana mmoja kanikalisha na kipeperushi chenye picha ya bibi wa kizungu anacheka ufukweni, akaniambia mama weka hii ya gharama, miwani utaitupa jalalani. Nikamuuliza nitatunga uzi kwenye sindano bila miwani? Akasema kila kitu mama, kila kitu. Hakuniuliza nafanya kazi gani, hakuniuliza kama nina sukari, hakuniuliza kama natembea usiku. Nikaaga kwamba naenda kuongea na watoto, sikurudi.

Sehemu ya pili daktari mwenyewe, kijana tu wa umri wa mwanangu wa kwanza, ndo kanifungua akili. Ngoja niwaeleze nilivyoelewa, kwa lugha ya fundi cherehani.

Lenzi ya kawaida, monofokali, ndo wanayowekewa watu wengi hapa kwetu. Ina umbali mmoja tu inaouona safi. Wakikuwekea ya mbali unasoma kibao cha daladala toka inakata kona, ila simu, risiti na sindano vyote vinataka miwani. Halafu kuna maltifokali na trifokali, hizi zinagawanya mwanga mafungu, la mbali, la karibu, na hiyo trifokali inaongeza na la kati, unaweza kusoma bila miwani, lakini kitu ukishakigawa kinapungua, na usiku taa zinavaa pete. Katikati ya hizo ndo kuna hii niliyoweka mimi, ya fokasi ndefu, wenyewe wanaiita idofu. Hii haina vituo, inauvuta ule umbali wa kuona safi uwe mrefu, toka mbali kabisa ukija mpaka kama urefu wa mkono ulionyoosha, halafu kuanzia hapo kuja puani inafifia pole pole. Haikatiki ghafla, inafifia. Na hata zenyewe hazifanani, Symfony iliyopitishwa Marekani 2016 ina vipete vidogo sana juu yake, Vivity iliyofuata 2020 haina vipete, ina sehemu katikati iliyoinuliwa kidogo mno inayotandaza mwanga, na ndo maana hiyo Vivity inasifiwa kwa kutosumbua sana usiku. Kwa iyo ukiambiwa idofu uliza ni idofu ipi.

Daktari akaniuliza, mama unafanya kazi gani? Nikamwambia. Akaniuliza macho yako na sindano vinaachana umbali gani? Sikuwa na jibu. Mimi! Mtu anayeshinda na futi shingoni.

Jioni ile nikampigia binti yangu aje ashike ncha ya pili. Kutoka jichoni mpaka kwenye sindano ya cherehani nikiwa nimekaa kawaida, sentimita 48. Overloki, 55. Kukata kitambaa mezani nimesimama, 70. Simu, 38. Kutunga uzi, 28. Kumpima mteja kifua, kama 50. TV sikupima, iko ukutani. Tukaandika nyuma ya karatasi ya oda, nikaipeleka. Daktari kacheka kweli, akasema wagonjwa huwa wanamwambia "nataka kuona vizuri" tu, hakuna aliyewahi kumletea vipimo.

Akanionyesha hesabu ambayo sijawahi kuisahau maana ni rahisi kuliko ya kukata sketi. Chukua 100 gawa kwa sentimita zako, unapata diopta, yaani nguvu inayotakiwa kuona pale. Meza ya kukatia, 100 gawa 70, kama 1.4. Cherehani, 2.1. Simu, 2.6. Kutunga uzi, 3.6. Monofokali ya mbali inakupa karibu sifuri, yaani kazi zangu zote niwe na miwani. Idofu kwa kawaida inakupa kama 1 mpaka 1 na nusu hivi. Kwa iyo pale pale kwenye karatasi nikaona mwenyewe, meza ya kukatia inaingia, overloki na cherehani iko mlangoni, simu bado, sindano ndo usiseme. Yule kijana wa kipeperushi alinidanganya na hesabu ya darasa la tano ingemuumbua.

Ndo ushauri wangu mkubwa huo kwa yeyote anayesoma. Usianze na bei, usianze na jina la lenzi, wala usianze na jirani yako kaweka nini. Anza na futi. Pima unakofanyia kazi, pima unakoshika simu, pima unakosomea msahafu au Biblia, maana kuna mtu anaiweka mapajani na kuna mtu anaileta puani, halafu jiulize ni umbali upi ukikosa miwani unakwama na upi ni usumbufu tu. Mi kwangu kutunga uzi ni usumbufu, kuna mjukuu. Lakini kushona na miwani inateleza jasho la mwezi wa pili hapa Dar, feni imekata, huko ndo kukwama.

Kabla ya kuchagua kuna watu hii lenzi haiwafai na wasikasirike wakiambiwa. Shoga yangu wa Temeke ana sukari ya miaka mingi na imeshagusa retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Daktari kamkatalia idofu, kampa monofokali, shoga kanuna wiki nzima akidhani ameonekana hana hela. Sio hivyo. Hizi lenzi za kuvuta umbali zinakula kidogo ule ukali wa kutofautisha giza na mwanga, sasa kama retina yenyewe imechoka au una glakoma, ile wanayoita presha ya macho, iliyokula pembeni, unapunguza juu ya kilichopungua. Uliza ukaguliwe nyuma ya jicho kwanza, na kama ukungu ni mzito hawaoni vizuri huko nyuma kuna kipimo cha mawimbi ya sauti.

Kaka yangu naye anaendesha Fuso, usiku ndo mchana wake, Dar mpaka Mbeya. Yeye retina nzima, hela anayo, na bado kachagua monofokali kwa akili zake timamu, kasema mimi nataka taa ya gari linalokuja iwe taa, isiwe jua lenye ndevu. Sahihi kabisa. Ila yeye nusura aharibu kwa kitu kingine, alikuwa anakunywa tamsulosin, dawa ya tezi dume, na alipoulizwa dawa anazotumia kasema hamna, kisa mimi dada yake nilikuwa nimekaa pale. Hiyo dawa inailegeza ile sehemu ya rangi ya jicho, wakati wa upasuaji inapepea kama kitambaa cha shifoni chini ya feni, daktari akijua mapema anajipanga, asipojua anakutana nayo katikati ya kazi. Hata kama uliacha zamani sema. Wanaume, kama mnaona aibu mtoeni dada nje.

Haya, vipimo. Huku sitapita haraka maana ndo lenzi za gharama zinapoharibikia. Nguvu ya lenzi yako inapatikana kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa konea, kile kioo cha mbele. Jicho la kawaida lina kama milimita 23 na nusu kwa urefu, na kosa la milimita 1 tu linakupeleka pembeni karibu diopta 2 na nusu mpaka 3, yaani umelipia lenzi ya mbali umepata ya kusomea. Mimi mara ya kwanza macho yangu yalikuwa makavu, kazi ya kukodolea sindano hupepesi macho, vumbi la vitambaa, feni usoni, na jicho kavu linampa mashine mviringo wa uongo. Daktari kaona namba za konea hazitulii, akanirudisha nyumbani na matone ya machozi bandia wiki tatu, kisha akapima tena. Namba zikabadilika. Siku ile nilikasirika kwa nauli, leo namshukuru. Kwa iyo ukipimwa uliza, hizi namba zimerudiwa zikafanana? Na kama unavaa kontakti lenzi, zinatolewa siku kadhaa kabla, uliza ngapi. Uliza pia kama konea yako ni ya duara au imevutika kama yai, maana kama imevutika sana inatakiwa lenzi ya toriki, yaani ya kurekebisha huo mvutiko, vinginevyo hata hiyo idofu itakuonyesha maandishi yenye kivuli.

Upasuaji wenyewe sina mengi. Ganzi ya matone, uko macho, unaona mwanga na rangi zinacheza, unasikia mashine inaimba, kama dakika 20 hivi umemaliza. Tundu la milimita 2 na kidogo, lenzi ina kipenyo cha milimita 6, inaingia imekunjwa inakunjuka ndani. Mi kama fundi hapo nilivua kofia, kupitisha kifungo kwenye tundu dogo kuliko kifungo na hakuna kushona. Na hii kazi yote imetoka vitani, daktari mmoja Mwingereza, Harold Ridley, aliona marubani waliopasukiwa na kioo cha plastiki cha ndege, vipande vimekaa ndani ya macho na macho hayavikatai, ndo mwaka 1949 pale London akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ile ile. Baada ya hapo ni matone kwa wiki kama nne, kufuata ratiba, kutosugua, kutokumwagia maji. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likiwa jekundu na kuona kukishuka, usisubiri kesho, rudi siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Jicho la kulia ndo lilianza. Kesho yake walipotoa kifuniko, cha kwanza kuona ilikuwa ukuta, ukuta mweupe, nikalifumba hilo nikaangalia kwa la kushoto, ukuta ule ule umekuwa wa maziwa ya chai. Nilicheka peke yangu. Niliporudi dukani nikapanga upya boksi lote la nyuzi, nilikuta bluu kumi na moja kwenye nyeusi.

Lakini sikuambiwa uongo kwa iyo na mimi siwaambii. Kwa jicho lile moja mbali ilikuwa safi, meza ya kukatia safi, cherehani inaonekana ila mpaka nisogee nyuma kidogo, simu ukungu. Na usiku, wiki za kwanza, nikiwa stendi ya mwendokasi kila taa ya bodaboda ilikuwa na nyuzi zinatoka pande zote kama kitambaa kilichochanika bila kupigwa overloki. Imepungua sana baada ya miezi kama minne, ubongo unazoea, haijaisha. Jingine ni lile nililosema la ukali, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, rangi sasa naijua lakini kuona mshono wenyewe kwenye mwanga hafifu kunanishinda kuliko nilivyotegemea. Nimenunua taa ya meza ya shingo ndefu, nashona chini ya taa hata mchana. Hilo hakuna kipeperushi kilichoandika.

Jicho la pili ndo tukacheza karata vizuri, na ndo maana nashauri msikubali kupangiwa macho yote kwa haraka bila kuishi na la kwanza angalau wiki kadhaa. Nilirudi na karatasi yangu ya futi nikamwambia dokta, mbali ninayo, nipe karibu. Akanipima jicho linalotawala, unaunganisha viganja unaacha kitundu, unaangalia kitu cha mbali kupitia hapo, ukifumba jicho moja kitu kikapotea basi ulilofumba ndo linalotawala. Langu ni la kulia, ambalo tayari ni la mbali, bahati nzuri. La kushoto akaweka idofu ile ile lakini akalenga makusudi karibu zaidi, robo tatu ya diopta. Ukijumlisha na ule mvuto wa lenzi unapata kama 2 na kidogo, turudi kwenye hesabu, cherehani yangu 2.1. Imeingia! Simu nasoma meseji, maandishi madogo ya kwenye dawa hapana. Kutunga uzi navaa miwani ya +1.50 niliyonunua Kariakoo elfu tano, iko kwenye droo ya cherehani na haitoki humo.

Hela. Bima yangu ililipia upasuaji na kiasi cha lenzi ya kawaida, tofauti nikatoa mimi, na hiyo tofauti kwa macho mawili ningepata overloki nyingine na chenji. Sitaandika shilingi maana kila mahali bei yake na zinabadilika, ila omba bei iandikwe yote, lenzi, vipimo, matone, kurudi kukaguliwa, usije ukakutana na "mama hii ilikuwa haimo". Na kama hela inabana, usikope kwa ajili ya idofu, nasema kabisa. Monofokali iliyopimwa vizuri ni bora kuliko idofu iliyopimwa vibaya, na unaweza kuomba ule ule mchezo wa jicho moja mbali, jingine karibu kidogo, bila kulipia lenzi ya gharama.

Mwaka na nusu baadaye la kulia likaanza ukungu tena, nikashtuka nikajua mtoto wa jicho karudi. Harudi. Ni ule mfuko mwembamba unaoshikilia lenzi nyuma umeota utando, wanaupiga leza dakika chache, hakuna kukatwa, unarudi nyumbani. Ila sikia, kama hujaridhika na lenzi na unafikiria kubadilishwa, sema kabla hawajapiga hiyo leza, kwa sababu mfuko ukishatobolewa kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu zaidi. Na ile kadi yenye stika ya jina na nguvu ya lenzi yako, itunze na cheti cha kuzaliwa.

Wiki iliyopita wifi yangu wa Buguruni kaambiwa na yeye ana mtoto wa jicho, macho yote. Anauza chapati na maharage, miwani yake muda wote imejaa mvuke, anaipandisha kichwani halafu anakosea chenji. Kanipigia ananiuliza shangazi wa watoto, niweke lenzi gani. Nikapanda daladala na futi yangu. Jicho mpaka kwenye tawa 62. Jicho mpaka kwenye noti mkononi 44. Simu hasomi, anasikiliza voisi tu. Usiku hatoki, saa mbili kashalala. Tumeandika nyuma ya kalenda, ana miadi Alhamisi.